Namba Niliyoifungua

Juni 5

Mwalimu Kadowaki ametuagiza kila mmoja awe na daftari, na kila siku aandike mambo mawili: alichojifunza na alichovunja. "Asiyevunja hajajifunza," anasema. Nikamuuliza, na kama siku nzima sikujifunza wala sikuvunja, nilifua nepi tu? Darasa likacheka. Akasema, "Andika nepi, Mama Hiyori."

Nepi nane. Moja ilivuja.

Ukurasa wa kwanza tumeambiwa tujieleze, daftari lisije likapotea. Jina langu Notsu Mizuho, miaka ishirini na sita, shule nimeishia sekondari. Naishi Matsue, upande wa ziwa Shinji, nyumbani kwa wakwe. Mume wangu Daigo anaendesha lori la masafa marefu. Kwa wiki tunamwona siku mbili, na hizo analala. Baba mkwe anakwangua kome ziwani, hawa shijimi weusi wadogo kama ukucha wa kidole gumba, na mimi na mama mkwe, Fusae, tunawachambua. Binti yangu Hiyori ana miezi kumi na mmoja na meno manne, na yote manne yameshanionja.

Nimejiandikisha darasa la kompyuta kwa sababu kampuni moja hapa mjini imesema watakaomaliza mwisho wa Julai itawapa kazi ya kufanyia nyumbani. Nyumbani, mtoto akiwa mgongoni. Neno hilo tu lilinitosha.

Ila leo asubuhi ilibidi tumpeleke Bibi Kiyono, mama yake baba mkwe, kwenye nyumba ya wazee, akae huko mpaka mvua za msimu ziishe. Ana miaka themanini na minane na anatangatanga. Mama mkwe hawezi kushika mtoto anayetambaa na bibi anayetoroka kwa wakati mmoja, mimi nikiwa darasani.

"Simtupi mtu mimi," Mama alisema garini, ingawa hakuna aliyemwambia anamtupa. "Ni huyu na michezo yake ya kompyuta."

Bibi akajibu kutoka kiti cha nyuma, "Fusae, miaka thelathini na mitano unanipikia supu ya chumvi. Niache nikapumzike."

Juni 8

Leo tumeambiwa ilikotoka lugha hii ya Rubi. Mimi nilidhani lugha za kompyuta hushuka tu kutoka ng'ambo kama ndege. Kumbe hii ameitunga Mjapani, na anaishi mji huu huu wetu. Aliianza mwaka tisini na tatu, akaitoa kwa watu tisini na tano, akaiita kwa jina la kito, kile chekundu. Alichota kwa waliomtangulia: kwa lugha moja akachukua wepesi wa kushughulikia maandishi, kwa nyingine ile imani kwamba kila kilichomo ni kitu chenye tabia zake, na kwa moja kongwe mtindo wa kupokezana kazi mkono kwa mkono, kama watu wanaozima moto kwa ndoo. Haikulazimishi njia moja. Ukitaka unaamrisha hatua kwa hatua kama mapishi, ukitaka unapokezana, ukichanganya hakuna wa kukugombeza. Na kutoka hapo imekwenda dunia nzima. Maduka makubwa ya mtandaoni yamejengwa nayo, na lugha zilizozaliwa baadaye zimechota kwake kama yenyewe ilivyochota.

Nia ya mtungaji, Mwalimu anasema, ilikuwa mwandishi afurahi. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Sijawahi kutumia kitu kilichotengenezwa ili mimi nifurahi. Hata pampu ya maziwa haikufikiriwa hivyo.

Jirani yangu darasani ni Bwana Yoneta, mhudumu wa nyumba ile ile aliko Bibi. Ana miaka hamsini na mitatu, zamani alikuwa mpishi wa tambi za soba mpaka mgongo ukamkatalia. Akauliza, "Mwandishi anafurahi, sawa. Na msomaji je?"

"Msomaji ni wewe mwenyewe baada ya miezi sita," Mwalimu akamwambia, "na utajitukana."

Juni 9

Hiyori ana homa. Sikujifunza. Nilivunja bakuli.

Juni 12

Lazima niandike hili vizuri kabla furaha haijapoa.

Kwenye Rubi hata namba ni kitu. Unaiambia tano, "fanya mara zako," nayo inafanya mara tano, kama mtoto mtiifu. Na kwa kuwa ni kitu, unaweza kuifungua. Kuifungua hasa, kama unavyofungua kifuniko cha saa ya ukutani, ukaiongezea tabia au ukabadilisha iliyonayo. Lugha nyingi hazikuruhusu, Mwalimu anasema, zimefunga vifuniko kwa skrubu. Hii inakuamini.

Sasa mimi nilikuwa naandika programu ya kuhesabu masanduku yetu ya kome. Mizani inatoa kilo, nagawanya, napata masanduku kumi na mawili nukta saba. Nikiiambia Rubi isogeze kwenye namba nzima iliyo karibu, inasema kumi na tatu. Jana Mama aliona kumi na tatu kwenye karatasi yangu.

"La kumi na tatu liko wapi?"

"Mama, ni hesabu ya kukaribia tu..."

"Nioneshe. Liko wapi? Nilikalie."

Hapa kwetu sanduku lisilojaa si sanduku. Linarudi kwenye beseni kungoja kesho. Babu zao wamefanya hivyo na wao wanafanya hivyo. Basi leo nimeifungua namba yenyewe na kuifunza adabu za ziwa Shinji: ukiambiwa usogee kwenye namba nzima, shuka. Daima shuka. Hata ukiwa na nukta tisa, shuka.

Ikafanya kazi mara moja! Mistari mitatu tu. Niliwaonesha wenzangu, Hiyori akiwa mgongoni anavuta nywele zangu, wakapiga makofi. Mwalimu akainama kwenye skrini, akaisoma mistari yote mitatu, akasema, "Inavutia."

Inavutia! Mwalimu Kadowaki hajamwambia mtu hivyo tangu tuanze.

Juni 15

Vifurushi ambavyo watu wa Rubi hugawiana bure huitwa vito. Leo kifurushi changu kimekuwa kito. Mwalimu alinisaidia kukiweka pale wanapoviweka vyote, dunia nzima ikione. Nimekipa jina la mwanangu, Hiyori. Ndani yake mna ile namba niliyoifunza, na pia mna kitu ambacho naona ndicho kizuri zaidi: orodha inayojipanga yenyewe, majina ya watu kushoto, hesabu zao kulia, mistari imenyooka, inachapwa ikiwa safi kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Bwana Yoneta ameipenda orodha. "Mama Hiyori, naweza kumuazima binti yako? Kule kazini tunaandika kiasi cha maji ya kunywa ya wazee kwa mkono. Mwandiko wangu hata mimi siusomi."

"Muazime," nikasema. "Haumi. Yule wa kweli ndiye anayeuma."

Juni 17

Mvua imeanza.

Juni 18

Mvua.

Juni 19

Mvua. Nepi hazikauki, nimezitundika jikoni, baba mkwe anakula akiinamisha kichwa chini yake kama anapita mlango mfupi. Watu wa huku wanasema sahau chakula chako, usisahau mwavuli. Mimi leo nimesahau vyote viwili na nikakumbuka mtoto, nimejisamehe.

Kito changu kimechukuliwa na watu arobaini na mmoja. Sijui hata mmoja.

Juni 22

Nimemtembelea Bibi. Amekaa dirishani, ametulia. Hakunitania. Nilimpa Hiyori ampakate, akamshika vizuri lakini kama anayeshika mfuko wa mtu mwingine. Midomo yake imekauka, nikampaka mafuta yangu.

Mhudumu, msichana mgeni, akaniambia kwa tabasamu, "Anaendelea vizuri sana. Hasumbui hata kidogo siku hizi."

Bibi Kiyono hasumbui?

Juni 26

Kimechukuliwa mara tisini na saba. Mtu wa Ureno ameniandikia, ana shamba la mizeituni, anapanga nacho orodha za wachumaji. Nimemsomea Mama barua.

"Mizeituni ndiyo nini?"

"Matunda ya mafuta."

"Anajua kuchambua?" Akaendelea na kome wake. Lakini jioni nilimsikia kwenye simu akimwambia dada yake kwamba mkwe wake anaandikiwa barua kutoka Ureno.

Juni 29

Bibi ameniita Tsuyako. Tsuyako ni dada yake, alikufa kabla Daigo hajazaliwa. Mama akasema uzee ni mgeni asiyebisha hodi. Wakati wa kurudi aliendesha gari akapitiliza nyumba yetu wenyewe.

Julai 1

Meno sita sasa.

Julai 3

Ziwa limepanda hadi ngazi ya pili ya gati. Maji ya kahawia, magogo yanaelea, mashua hazitoki. Baba mkwe ameketi mlangoni anaangalia kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Darasa limeahirishwa.

Julai 6

Bibi ameanguka kwenda msalani. Amepelekwa hospitali. Daigo yuko barabarani Kyushu na barabara imefungwa kwa maporomoko.

Daktari ni mwanamke wa rika langu. Alivuta ngozi ya mkono wa Bibi kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama, kama hema.

"Amekauka," akasema.

Sikuelewa. Nje maji yanapiga madirisha kama mawe, barabara ya mtoni imezama, na daktari anasema amekauka.

"Amekuwa akinywa maji kiasi gani?" akauliza. Tukatazamana, mimi na Mama. Mama akainamia mkoba wake, akatafuta kitu humo kwa muda mrefu, na hakutoa kitu.

Damu imekuwa nzito, figo zimechoka, na kuna sehemu ya ubongo imeziba. Wamemtundikia maji. Tunangoja.

Julai 8

Sijui nianzie wapi. Naandika jikoni, saa nane mchana, Hiyori amelala. Naandika kwa mpangilio kwa sababu nikiacha mpangilio nitapiga kelele na nitamwamsha.

Bwana Yoneta amekuja asubuhi bila kupiga simu, amelowa, karatasi ameziweka ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya koti. Hakuvua viatu. Alisimama pale pale mlangoni.

"Mama Hiyori, nioneshe nilichokosea. Nimekesha na programu, kosa silioni."

Akaniwekea karatasi mbili. Moja ya Mei, kwa mwandiko wake mbaya: jinsi wanavyowapigia hesabu wazee wenye uzito wa Bibi, kilo thelathini na nane, vikombe viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Ya pili ni ya wiki iliyopita, imechapwa, majina kushoto, hesabu kulia, mistari imenyooka. Kiyono: kimoja, kimoja, kimoja.

"Ulijaribu kwanza?" nikamuuliza.

"Nilijijaribu mimi mwenyewe. Kilo sitini na mbili. Vikombe vitatu kwa mlo, sawasawa kabisa."

Nikafungua kompyuta mezani, nikasukuma bakuli la uji pembeni. Programu yake ni fupi na safi, Bwana Yoneta ni mwanafunzi mzuri kuliko mimi. Kilo moja, mililita thelathini za maji. Gawanya kwa milo mitatu ya siku. Gawanya kwa kikombe cha mililita mia mbili. Sogeza kwenye namba nzima iliyo karibu. Nikaweka thelathini na nane, nikapiga hesabu kwa kalamu pembeni: moja nukta tisa. Karibu na mbili kabisa, mtoto angeona.

Kompyuta ikasema: moja.

Nikarudia. Moja.

Nikatoa mstari wake wa kwanza, ule unaoita kito changu. Nikarudia. Mbili.

Nikaurudisha. Moja.

Nikakaa sakafuni, juu ya vibao vya kuchezea vya mtoto, wala sikusikia maumivu.

"Ni nini?" Bwana Yoneta anauliza. "Ni nini, mama? Sema."

"Namba," nikasema. "Niliifunza ishuke."

"Lakini mimi niliazima orodha tu! Sikuazima namba zako!"

"Ukimwita Hiyori, anakuja na kila kitu chake. Niliifungua namba yenyewe, Bwana Yoneta. Sikufungua yangu. Hakuna yangu. Ni moja, ya wote waliomo ndani ya programu hiyo."

Akaketi hapo hapo kizingitini na viatu vyake. Wakati huo nilikuwa nimeshapitisha kidole kwenye karatasi. Walio chini ya kilo arobaini wamenyimwa nusu ya maji yao. Watano. Walio hamsini na kitu wamenyimwa theluthi. Tisa. Waliobaki hawakupungukiwa kitu, ndiyo maana hakuna aliyeona. Wiki tatu, joto hili la mvua linalomfanya mtu atoke jasho akiwa amekaa, na wale wembamba kuliko wote ndio waliopewa kidogo kuliko wote. Na wasichana wakawa wanasema hawasumbui.

Nikasimama. "Piga simu."

"Nitasema nini?"

"Sema wapewe maji. Sasa hivi. Yaliyobaki utayasema baadaye."

Akapiga. Vidole vyake vilikuwa vikubwa mno kwa simu ile. Nikamsikia akitaja majina manne, ya wale watano ukimtoa Bibi, moja moja, kama anayeita watoto kutoka mtoni.

Julai 9

Nimekiondoa kito pale nilipokiweka. Lakini ukiondoa kisima, maji waliyokwisha kuchota yako majumbani mwao. Kimechukuliwa mara mia mbili na kumi na mbili. Nilikuwa naipenda sana namba ile ikipanda.

Mwalimu Kadowaki alisoma mistari yangu mitatu, hakuhitaji hata dakika.

"Niliona siku ile ile," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Niliona, Mizuho. Kila mtu mwenye miaka kidogo katika kazi hii angeona. Kuna njia ya kuifunza namba ndani ya ua wako tu, bila kumgusa jirani. Nilikuwa nikuoneshe wiki iliyofuata. Lakini ulikuwa umefurahi mno, na mtoto mgongoni, na wenzako wanapiga makofi. Halafu nikakusaidia kukitoa nje, na nikasahau kwamba nimenyamaza."

"Ulisema inavutia."

"Ndivyo tunavyosema tukiona kosa." Alikuwa anatazama meza. "Sisi watu wa Rubi tunasifika kwa upole. Nikafanya kunyamaza ndio upole."

Mimi nina mtoto anayetambaa. Akielekea kwenye jiko la moto namshika mguu na kumvuta, anilie, anichukie mpaka jioni. Hilo nimemwambia. Sikupaza sauti. Nilimwambia tu, nikachukua mwavuli wangu.

Julai 10

Nilikuwa nimesali Mama anipige. Nilimkuta bandani, beseni tupu mbele yake, kome hamna, anapangusa sefa za kuchekechea kome zilizokwisha kupanguswa. Nikapiga magoti kwenye saruji nikamweleza yote, kuanzia sanduku la kumi na tatu.

Hakunikatiza. Nilipomaliza, akachukua sefa nyingine.

"Nilikwenda kila Jumanne," akasema. "Hukujua. Nilikwenda kwa baiskeli, baada ya kuchambua. Mara ya kwanza tu niliona kikombe ni kimoja. Nikangoja wanipe cha pili, nimnyweshe mwenyewe, maana hanywi akiharakishwa, anataka umguse mgongo. Hawakuleta. Nikauliza. Yule msichana akanionesha karatasi. Akasema, mama, kompyuta imepiga hesabu kwa uzito wake, ni ile lugha ya mji wetu."

"Mama..."

"Nyamaza nimalize. Miaka thelathini na mitano nimemnywesha yule mwanamke. Najua anachokunywa kama ninavyojua kina cha ziwa kwa ule mpini wa kukwangulia kome. Nilijua ni kidogo! Lakini nikajiambia, Fusae, wewe umeishia darasa la tisa, usiaibishe watu. Hawa ni watu kama Mizuho wetu. Wanaandikiwa barua kutoka Ureno. Wanajua." Alikuwa ameshika sefa kifuani kama mtoto. "Nilijivuna, we mjinga. Nilijivuna ndiyo maana nikafumba mdomo. Jumanne tatu."

Msimu mzima nilikuwa nimeandika humu kana kwamba ananidharau. Nimerudi kusoma. Kumbe sikuwa nimeona kitu.

Kisha akanipiga. Sefa tupu, begani, mara moja, haikuuma. Akalia yeye, nikalia mimi, Hiyori akaamka ndani akalia bila kujua kwa nini.

Julai 11

Wale wanne wameanza kusumbua. Mmoja amemrushia Bwana Yoneta kijiko. Alipiga simu kuniambia, sauti yake inavunjika kwa furaha.

Bibi hajafumbua macho.

Julai 12

Haiwezekani kujua wote waliochukua kito ni akina nani. Nimeandika tangazo mahali wanaposoma, na barua kwa wale ishirini na sita waliowahi kuniandikia au kuacha jina. Mwalimu ameniwekea Kiingereza chake. Nimesema: niliifungua namba na kuigeuza, popote mlipokiweka kito changu hesabu zenu zinashuka, kiondoeni leo, chunguzeni mlichopima nacho. Nikasema kuna mtu yuko hospitali.

Majibu yameanza. Asante kwa uaminifu wako. Hutokea kwa kila mmoja. Usijilaumu. Pole pole pole. Kumi na nne, zote laini kama tofu. Ya kumi na tano haina hata salamu: "Nani hufungua namba halafu akaigawa kwa watu? Rudi ukajifunze." Nimeichapa nimeibandika kwenye jokofu. Ndiyo pekee niliyoweza kuimeza.

Julai 13

Kampuni imesema nafasi yangu ipo. Wamesema wanapenda mtu anayesema alipokosea. Nimesema nitajibu msimu ukiisha. Kwanza nitajifunza kile Mwalimu alichokuwa anioneshe wiki iliyofuata.

Julai 17

Bibi Kiyono amefariki saa nne kasoro asubuhi. Baba mkwe alikuwa amemshika mguu. Daktari alisema kwa umri ule mambo ni mengi, maji yalikuwa jambo moja kati yake. Alikuwa anajaribu kunipa kitu. Sikukipokea.

Mvua imekatika wakati wanamtoa. Redio imesema msimu umekwisha.

Julai 18

Amelazwa chumba cha mbele, kichwa kaskazini, kitambaa cheupe usoni. Daigo amefika alfajiri. Mtu wa mazishi, mwenye glavu nyeupe na sauti ya chini, akaleta kikombe cha maji na kijiti cha kulia chakula kilichozungushiwa pamba nchani. Kabla ya kumwosha, kila wa damu na wa nyumba humlowesha midomo, mmoja mmoja, kwa kufuata ukaribu wa udugu. Ndiyo maji yake ya mwisho.

Baba mkwe akatangulia, ni mwanawe. Kisha Mama. Kisha Daigo. Kikombe kikanifikia mimi, nikakishika, na mkono ukakataa. Niliona midomo ile niliyoipaka mafuta. Niliona moja nukta tisa.

"Siwezi, Mama."

"Mnyweshe."

"Mama, mimi siyo mtu wa..."

"Mimi nimeshamnywesha, na nina Jumanne tatu. Wewe utashindwa nini?" Akapiga magoti karibu yangu, bega kwa bega, akaingiza mkono chini ya mgongo wa Bibi, akaugusa taratibu kama alivyozoea. "Hanywi akiharakishwa. Haya."

Nikachovya pamba. Nikailowesha midomo ya Bibi Kiyono, wa juu na wa chini. Nikataka kumpa mtu wa mazishi kijiti.

"Mara mbili," Mama akasema.

Yule bwana akainama kwa adabu. "Kwa desturi, mama, huwa ni mara moja tu."

"Desturi naijua, nimezika wengi. Huyu ni mara mbili."

Nikachovya tena, pamba ikajaa mpaka ikadondosha, na sikuibana. Maji yakamtiririka kidevuni, yakashuka mpaka shingoni, na hakuna aliyeyafuta.